Vitabu vya kumpa anayesema Dodoma palikuwa pori tu



Kuna sentensi moja nimeisikia mno tangu wizara zianze kuhamia huku kwa kishindo mwaka 2016. Sentensi yenyewe ni hii: "Dodoma palikuwa pori tu." Anaisema dereva wa bodaboda aliyetoka Mwanza mwaka juzi. Anaisema ofisa aliyepewa nyumba na serikali. Anaisema hata mwandishi mwenzangu, soda mkononi, ameketi zake Nyerere Square chini ya kivuli cha miti ambayo kuna mtu aliipanda. Mara nyingine sentensi hiyo inakuja na mzaha wake, ule wa Wagogo na kuombaomba, na watu wanacheka kisha mazungumzo yanaendelea.

Mimi inanikera, na sababu yangu ni ya kikazi. Mwandishi akishaamini kwamba mahali palikuwa patupu, hawezi tena kuuliza nani alikuwa anaishi pale. Asipouliza hilo, hataweza kuandika habari ya maana kuhusu viwanja, fidia, njaa, mvua wala mifugo, na habari za Dodoma karibu zote ziko humo. Kwa hiyo nilikwenda kwa muuza vitabu mmoja nikamwomba anichagulie vitabu vya sanaa, vya riwaya na vya historia ambavyo angempa mgeni wa mji huu. Nilitaka vitatu tu. Alinipa zaidi ya hivyo, na leo nawaletea orodha yake, pamoja na pale tulipobishana.

Kwanza, muuzaji mwenyewe

Mzee huyu hana duka. Ana turubai, meza mbili na benchi, si mbali na Jamatini. Jina lake ameniomba nisilitaje, anadai likitajwa watu wa kodi watamjia. Alicheka aliposema hivyo, lakini sidhani alikuwa anatania sana.

Kinachomlisha ni mitihani iliyopita, vitabu vya kiada vilivyokwisha kutumika, Biblia, misahafu na Tenzi za Rohoni. Wanafunzi wanakuja Januari, waumini wanakuja mwaka mzima. Riwaya na historia anaziweka upande wa nyuma, zimefunikwa nailoni kwa sababu ya vumbi, na hazitoi mpaka umwulize. Vingine haviuzi kabisa. Unaruhusiwa kuketi kwenye benchi ukasoma, na jua likizama unarudisha.

Nilimwuliza mapenzi haya ya vitabu aliyapata wapi. Akasema alipomaliza darasa la saba aliwekwa kufundisha wazee wa kijijini kwao kusoma na kuandika. Wakubwa wenzake watakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kwamba madarasa ya kisomo yalifunguliwa chini ya miti, makanisani na kwenye ofisi za TANU. Kijana wa miaka 16 alimwelekeza baba yake mkubwa namna ya kushika kalamu. Wazee wale walipojua kusoma walianza kudai vitabu, na vilikuwa vichache. Hapo ndipo, kwa maneno yake, alipoona kwamba mtu mwenye kitabu cha ziada ana biashara.

Nchi ilijaribu kulijibu dai hilo. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa na serikali za kikoloni mwaka 1948, ilikuwa tayari imechapisha vitabu vya Kiswahili kwa bei nafuu. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, na chini ya Walter Bgoya kuanzia 1972 ikawa na jina Afrika nzima; kitabu cha Walter Rodney kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika ilikitoa mwaka huo huo wa 1972. Hapa Dodoma kulikuwa na Central Tanganyika Press ya Kanisa Anglikana. Kwa hiyo hata kwa upande wa vitabu, mji huu haukuwa pori. Haya, tuingie kwenye orodha.

Sanaa: miamba ya Kondoa

Nilitegemea mzee aanze na vinyago au Tingatinga. Akaanza na mawe.

Kitabu chake cha kwanza ni Africa's Vanishing Art: The Rock Paintings of Tanzania, cha Mary Leakey, kilichotoka mwaka 1983. Jina la Leakey wengi tunalijua kwa Olduvai na nyayo za Laetoli. Lakini mwaka 1951, yeye na mumewe Louis walipiga kambi Kondoa, na kazi yao ilikuwa kunakili michoro ya miambani. Walikuwa wanabandika karatasi angavu juu ya mwamba, wanafuatisha mstari kwa mstari, kisha wanahamisha rangi. Walinakili takriban michoro 1,600. Halafu kazi hiyo ikakaa zaidi ya miaka 30 kabla ya kuwa kitabu!

Ukikifungua utaona twiga, pundamilia, swala na tembo. Utaona pia watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wengine wamelala, wengine wanapiga ala, wengine wanacheza. Michoro mingi ya zamani ni ya rangi nyekundu, na watafiti wanaihusisha na wawindaji na wakusanya matunda, watu wa jamii zilizo karibu na Wasandawe na Wahadzabe wa leo. Juu yake, mara nyingi bila kujali kilichokuwepo, imechorwa michoro meupe ya baadaye ya wakulima na wafugaji. Kwenye mwamba mmoja unakuta maelfu ya miaka yamerundikana.

Mzee ana sababu yake ya kukitanguliza. "Mwanangu, mtu akisema hapa palikuwa pori, usibishane naye. Mpeleke Kolo." Kolo iko kaskazini kidogo ya Kondoa mjini, na tangu barabara ya Dodoma hadi Babati iwekwe lami safari imekuwa fupi. UNESCO iliyaingiza maeneo hayo katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Idadi kamili ya miamba yenye michoro bado haijulikani. Makadirio ya UNESCO yanaanzia 150 hadi 450. Na si makumbusho ya vitu vilivyokufa. Mungomi wa Kolo hadi miaka yetu hii ni mahali ambapo wenyeji wanakwenda kutambikia, kuomba mvua na tiba.

Nitaongeza jambo ambalo kitabu hicho hakina kwa sababu kilitoka zamani. Katika mwamba wa Kisese II, huko huko Kondoa, watafiti wamepata shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Yaani miaka 40,000 iliyopita kuna mtu hapa nyanda za kati alikaa akatoboa ganda la yai ili apendeze. Huo ndio ukale wa hilo tunaloliita pori.

Neno la Leakey lililo kwenye jina la kitabu, kwamba sanaa hii inapotea, si la kutishia watu. Mvua na jua vinafuta. Ng'ombe wanajisugua. Wapo wanaomwagia maji ili rangi ionekane vizuri kwenye picha. Wapo pia waliochimba chini ya miamba wakitafuta hazina inayodaiwa kufichwa na Wajerumani, wakavuruga tabaka za udongo ambazo mtaalamu angezisoma kama kurasa. Ukitaka kumsoma Mtanzania juu ya suala hili, mtafute Fidelis Masao, ambaye kitabu chake kuhusu Zama za Mawe na michoro ya Tanzania ya kati kilitoka mwaka 1979. Tatizo la vyote viwili ni moja. Viko kwa Kiingereza, na ukivipata bei yake inatosha kununua mbuzi.

Riwaya: msafara na kijiji

Kwa upande wa riwaya mzee alinipa mbili, na akasisitiza zisomwe kwa kufuatana.

Ya kwanza ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi Oktoba 2021, na mwaka 2022 Mkuki na Nyota wakaitoa kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ni kisa cha Yusuf, kijana ambaye baba yake anamweka rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Yusuf anapelekwa pwani, anafanya kazi dukani, kisha anaingia bara pamoja na msafara wa biashara, wakati Wajerumani nao wanazidi kuikamata nchi.

Nikamwambia mzee: hii si habari ya Dodoma. Akaniuliza: misafara ya bara ilipita wapi?

Hapo nikanyamaza kidogo, kwa sababu jibu ni hapa. Njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Richard Burton alipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote wawili walilalamika mno kuhusu hongo. Zingatia neno hilo. Siku hizi hongo ni rushwa, lakini wakati ule ilikuwa ushuru ambao watemi waliwatoza wapitaji: vitambaa, shanga, nyaya. Wazungu waliona ni unyang'anyi. Lakini fikiria upo kwenye nchi kame, una kisima, una nafaka kidogo uliyoihifadhi, na watu mia kadhaa wenye bunduki wanakuja kunywa maji yako na kununua chakula chako. Utawaacha wapite bure? Hakuna serikali duniani isiyotoza ushuru mpakani. Tippu Tip naye alizijua njia hizi, na maisha yake aliyasimulia kwa Kiswahili chake mwenyewe. Yalichapishwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa karne ya 20. Mzee anashauri ukimaliza Peponi umsome na yeye, upate sauti ya mwenye msafara baada ya sauti ya mtoto aliyebebwa na msafara.

Riwaya ya pili ni Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1979. Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, na riwaya hii haiko Ugogo. Iko katika uanzishwaji wa vijiji vya ujamaa, watu wanahamishwa, wengine wanakubali, wengine wanakataa, viongozi wanasema hivi na kutenda vile. Ukitaka ya kuifuatia, ipo Njozi Iliyopotea ya Claude Mung'ong'o ya mwaka 1980.

Kwa nini msomaji wa Dodoma azisome? Kwa sababu Operesheni Dodoma ilikuwa mojawapo ya operesheni za mwanzo kabisa za kuhamisha watu vijijini. Ilianza mwaka 1971, baada ya ukame. Mwalimu mwenyewe alikuja kukaa Chamwino, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Ndiyo maana Ikulu mpya iliyozinduliwa mwaka 2023 iko Chamwino. Picha za Mwalimu akiwa na jembe tumeziona wote. Tusiyoyaona kwa urahisi ni ya upande wa pili. Mgogo alikuwa akikaa kwenye tembe yake, mbali kidogo na jirani, kwa sababu ng'ombe wanataka nafasi na mashamba ya uwele na mtama yanataka kubadilishwa. Kumsogeza kwenye mstari wa nyumba kando ya barabara kulimpa shule, zahanati na bomba la maji pale vilipojengwa, na papo hapo kulimweka mbali na malisho. Yote mawili ni kweli. Ripoti ya serikali ni hodari wa kueleza la kwanza, na riwaya inakueleza la pili. Namwunga mkono mzee hapa mia kwa mia.

Historia: hakimu aliyeandika kwao

Sasa tumefika kwenye kitabu ambacho mzee hakiuzi.

Kinaitwa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Kiliandikwa na Mathias Mnyampala na kutolewa na East African Literature Bureau mwaka 1954. Nina hakika wengi mliosoma Kiswahili sekondari mnalijua jina Mnyampala kwa ajili ya ngonjera. Ndiye aliyezipa umaarufu, na Ngonjera za UKUTA zilipotoka miaka ya 1970 shule nzima nzima zilisimama mstarini kuzighani. UKUTA ni Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na yeye alikuwa mmoja wa nguzo zake. Alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, pale pale ambapo leo ukipita unaona majengo na reli mpya. Alikuwa mwalimu, karani, liwali, hakimu. Alifariki mwaka 1969.

Wachache wanajua kwamba kabla ya ngonjera alikuwa mwanahistoria wa kwao. Alikusanya habari za koo, zimetoka wapi, nani alimkuta nani, watemi gani walitawala wapi, mvua iliombwaje, ndoa ilifungwaje, mtu alizikwaje. Ukikisoma unaona kwamba Wagogo si watu walioota ardhini kama mibuyu. Ni koo zilizotoka sehemu nyingi, nyingine kusini Uhehe, zikakutana kwenye nyanda hizi na kuwa watu wamoja. Maana yake Dodoma ilikuwa mji wa wahamiaji karne nyingi kabla ya wizara kuhamia! Ofisa anayejiona mgeni wa kwanza hapa amefuata njia iliyokanyagwa siku nyingi.

Kitabu hicho hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza na mwanahistoria Mmarekani Gregory Maddox, kikatoka Marekani mwaka 1995. Maddox ndiye pia aliyeandika, pamoja na Ernest Kongola, kitabu cha Practicing History in Central Tanzania, cha mwaka 2006. Kongola alikuwa mwalimu mstaafu wa hapa Dodoma ambaye kwa miaka mingi aliandika historia za koo za Ugogo, bila kungoja chuo wala mfadhili. Nilipoambiwa habari hizi nilijiuliza: shahada yangu niliipataje bila kusoma ukurasa mmoja wa watu hawa, wakati nilisoma mapinduzi ya viwanda Uingereza mara tatu?

Kwa Maddox ndipo utakapokutana na neno Mtunya. Hilo ni jina la njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Nataka kila anayerudia mzaha wa ombaomba alisome neno hili. Vita Kuu ya Kwanza ilikuja mpaka hapa. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma Julai 1916, nayo yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana. Kisha mvua ikakataa. Kwa makadirio ya Maddox, watu takriban 30,000 walikufa kati ya wakazi kama 150,000. Mtu mmoja kati ya watano.

Ugogo ni nchi kame na njaa ilikuwepo tangu zamani, hilo halina ubishi. Lakini mfugaji alikuwa na njia zake. Ng'ombe ndio benki yake; mvua ikikosekana anauza, anabadilisha kwa nafaka, anakopa kwa shemeji aliye mbali. Majeshi mawili yalipopita na kuikomba benki hiyo, ukame uliokuwa unavumilika ukageuka kaburi. Ukilijua hilo, mzaha wa ombaomba hauchekeshi tena. Unakuwa ni kumcheka mtu aliyeporwa kwa sababu hana kitu.

Karanga, na ubishi wetu

Kitabu cha mwisho cha mzee ni The Groundnut Affair cha Alan Wood, cha mwaka 1950. Anacho kimoja, jalada limetoka, na anasema kama angekuwa na uwezo angempa kila ofisa mipango siku anaporipoti kazini.

Wood alikuwa mwandishi wa habari, na alikuwa kwenye kitengo cha habari cha mradi wenyewe. Mradi ni ule wa karanga wa Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 likaja wazo la kulima karanga kwa matrekta, Tanganyika (Kongwa, Urambo na Nachingwea) pamoja na Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, jumla ya ekari 3,210,000. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Yaliletwa matrekta yaliyotumika vitani, na baadaye hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu haikung'oka kirahisi. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji na kuzibana karanga ndani. Mvua ikanyesha inavyotaka yenyewe. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana nao, na hasara iliyofutwa ilikaribia pauni milioni 36.

Hapa ndipo mimi na mzee tulipobishana. Yeye anasema walishindwa kwa sababu hawakuuliza na hawakusoma. Nikamwambia hapana, mzee wangu. Walisoma na waliandika sana. Ujumbe wa wataalamu ulizunguka Afrika Mashariki mwaka 1946, sehemu kubwa kwa ndege, ukatoa ripoti nene yenye hesabu safi. Tatizo halikuwa ukosefu wa karatasi. Ukiangalia nchi kutoka juu unaona vichaka, huoni ni nani anajua mwaka gani mvua ilikatika Januari. Hilo lilikuwa kichwani kwa wenye nchi, ambao kwenye mpango walihesabiwa kama vibarua.

Mzee akatulia, akawasha redio yake akaizima. Kisha akasema, "Basi ndiyo hayo hayo ninayosema mimi. Kusoma bila kuuliza ni kusoma nusu." Sikumwachia. Nikamwambia na kuuliza bila kuandika ni nusu nyingine, maana wazee wale waliojua mvua wamekufa, na asingekuwa Mnyampala leo tusingekuwa hata na cha kubishania. Hapo tukakubaliana, au tuseme tulichoka.

Kongwa yenyewe haikuishia kwenye karanga. Eneo likawa ranchi, na kuanzia miaka ya 1960 pakawa na kambi za wapigania uhuru: FRELIMO, SWAPO, ANC, MPLA, ZAPU. Samora Machel alipita pale, Chris Hani alipita pale. Mtu akisimama Kongwa leo anasimama juu ya aibu ya dola moja na heshima ya bara zima, na kwa macho ya haraka anaona ng'ombe tu.

Kwa nini nimeandika yote haya

Hebu zipangeni hizi habari kwa miaka. Misafara na Wajerumani. Majeshi ya 1916. Karanga 1947. Operesheni 1971. Oktoba 1973 TANU ikaamua makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa CDA kuujenga mji, na mwaka 2017 CDA ikavunjwa baada ya malalamiko mengi ya ardhi. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Kila mara mpango mkubwa ulitoka nje kuja nyanda za kati, na kila mara waliokuja walianza kwa kusema hapa hapana kitu.

Sisemi makao makuu ni karanga. Mimi mwenyewe mshahara wangu unatokana na makao makuu; bila Bunge na wizara gazeti lisingenileta hapa. Barabara zimejengwa, Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007, na watoto wa Ihumwa na Nala wanapata vitu ambavyo babu zao hawakuviota. Ninachosema ni kwamba kauli ya "pori tu" ina kazi inayofanya. Inamrahisishia mtu kupima kiwanja juu ya kaburi la mwenzake. Inamfanya mwandishi aandike "wavamizi" bila kuuliza nani alimkuta nani. Vitabu hivi vinaifanya kauli hiyo iwe ngumu kutamka.

Kwa mwenye haraka, mpango wangu ni huu. Anza na Peponi, maana inapatikana na iko kwa Kiswahili kitamu. Fuata na Gamba la Nyoka, utaikuta maktaba au kwa wauza vitabu vya zamani. Nenda Kolo mwenyewe, ukilipia kiingilio na kumchukua mwongoza wageni wa pale, ukaone kwa macho kabla ya kutafuta kitabu cha Leakey. Ukisoma Kiingereza, ongeza Maddox na Kongola, na Wood.

Kinachobaki ni Mnyampala. Nimezunguka kwa wauza vitabu wote ninaowajua mjini, na nakala ya Kiswahili niliyoiona ni ile moja ya kwenye benchi. Fikirini: kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili na mtoto wa Ihumwa, kuhusu watu wa Ihumwa, ni rahisi zaidi kukiagiza kutoka Marekani kwa Kiingereza kuliko kukinunua Ihumwa. Wachapishaji mnaonisoma, hapo pana kazi. Mkoa huu ulikuwa na watu zaidi ya milioni 3 kwa sensa ya 2022. Hatutakosa wanunuzi elfu mbili.

Na wewe msomaji, kama kwenye sanduku la marehemu babu kuna nakala ya 1954, usiwape mchwa. Niandikie. Nitakuja na karatasi, kalamu na kamera, nitaipiga picha ukurasa kwa ukurasa mbele yako na kukuachia kitabu chako. Kama unajua kitabu kingine cha nyanda za kati ambacho mzee wangu amekisahau, cha Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, Singida, kitaje hapa chini. Nitampelekea orodha Jumamosi.

Mbukwenyi.